Fedha za Afya ya Mtoto na Ustawi wa Familia: Zinavyopangwa, Zinavyotolewa na Zinavyosimamiwa

Kila mwaka ifikapo mwezi Juni, wananchi wengi husikiliza Hotuba ya Bajeti wakitaka kujua bei ya mafuta, kodi mpya na maslahi ya watumishi. Sehemu ya hotuba hiyo inayohusu afya ya mtoto na huduma kwa familia haivuti masikio kwa kiwango hicho, ingawa ndiyo inayoamua iwapo zahanati ya kijiji itakuwa na chanjo, mkunga na dawa, na iwapo kaya isiyo na kipato itapata msaada wa kumpeleka mtoto kliniki na shuleni. Matokeo ya Sensa ya Watu na Makazi ya mwaka 2022 yalionesha kuwa Tanzania ina watu 61,741,120. Takriban nusu yao ni watoto walio chini ya umri wa miaka 18, umri ambao Sheria ya Mtoto Na. 21 ya mwaka 2009 inautambua kuwa ndio wa mtoto. Kwa hesabu hiyo, mtoto ndiye mlengwa mkubwa kuliko wote katika matumizi ya Serikali.

Makala haya yanaeleza fedha hizo zinatoka wapi, zinapita katika mafungu gani, zimeelekezwa katika maeneo yapi ya kipaumbele na mwananchi anaweza kuzifuatilia kwa njia zipi.

Hali ya afya ya mtoto inayoongoza vipaumbele

Vipaumbele vya bajeti ya afya ya mtoto hujengwa juu ya takwimu. Chanzo kikuu ni Utafiti wa Afya ya Uzazi na Mtoto na Viashiria vya Malaria wa mwaka 2022, uliofanywa na Ofisi ya Taifa ya Takwimu na Ofisi ya Mtakwimu Mkuu wa Serikali Zanzibar kwa kushirikiana na wizara za afya za pande zote mbili za Muungano.

Utafiti huo ulionesha kuwa vifo vya watoto walio chini ya miaka mitano vilipungua kutoka 67 kwa kila vizazi hai 1,000 katika utafiti wa mwaka 2015/16 hadi 43. Vifo vya watoto walio chini ya mwaka mmoja vilipungua kutoka 43 hadi 33. Vifo vitokanavyo na uzazi vilishuka kutoka 556 hadi 104 kwa kila vizazi hai 100,000, na akina mama wanaojifungulia katika vituo vya kutolea huduma za afya waliongezeka kutoka asilimia 63 hadi asilimia 81.

Pamoja na mafanikio hayo, viashiria viwili havikusonga kwa kasi hiyo. Cha kwanza ni vifo vya watoto wachanga, yaani walio ndani ya siku 28 tangu kuzaliwa, ambavyo vilipungua kutoka 25 hadi 24 tu kwa kila vizazi hai 1,000. Maana yake ni kwamba zaidi ya nusu ya watoto wanaofariki kabla ya kutimiza miaka mitano hufariki katika mwezi wa kwanza wa maisha. Cha pili ni udumavu, ambao ulipungua kutoka asilimia 34 hadi asilimia 30 ya watoto walio chini ya miaka mitano.

Takwimu hizo mbili zina uzito mkubwa kwa wapangaji wa bajeti. Vifo vya watoto wakubwa kidogo vimepunguzwa kwa sehemu kubwa na chanjo, vyandarua vyenye viuatilifu na matibabu ya malaria, nimonia na kuhara, huduma ambazo hutolewa kwa gharama nafuu katika zahanati. Mtoto mchanga anayezaliwa kabla ya wakati, anayeshindwa kupumua au anayepata maambukizi anahitaji wauguzi wenye ujuzi maalumu usiku na mchana, hewa ya oksijeni, vifaa vya kumpatia joto, damu salama na usafiri wa haraka. Huduma hizo ni ghali zaidi na haziwezi kupatikana kwa kampeni ya siku chache.

Bajeti inavyotayarishwa

Mwaka wa fedha wa Serikali huanza tarehe 1 Julai na kumalizika tarehe 30 Juni ya mwaka unaofuata. Maandalizi yake huongozwa na Sheria ya Bajeti ya mwaka 2015 na huanza miezi mingi kabla, pale Serikali inapotoa Mwongozo wa Maandalizi ya Mpango na Bajeti kwa wizara, mikoa na halmashauri.

Kwa upande wa Serikali za Mitaa, mapendekezo huanzia katika vijiji na mitaa kwa utaratibu wa kuibua fursa na vikwazo vya maendeleo, kisha hupita katika Kamati ya Maendeleo ya Kata na kufikishwa katika Baraza la Madiwani. Katika sekta ya afya, kila kituo cha kutolea huduma huandaa mpango wake wa mwaka, na mipango hiyo huunganishwa kuwa Mpango Kabambe wa Afya wa Halmashauri. Mahitaji ambayo hayakuingizwa katika hatua hii, iwe ni kitanda cha kujifungulia au jokofu la chanjo, ni vigumu kuyapatia fedha baadaye.

Mapendekezo ya wizara na taasisi hupitiwa na Kamati za Kudumu za Bunge za kisekta. Mkutano wa Bunge la Bajeti huanza mwezi Aprili jijini Dodoma, ambapo mawaziri huwasilisha makadirio ya wizara zao na wabunge huyajadili fungu kwa fungu. Mwezi Juni Waziri wa Fedha husoma Hotuba ya Bajeti Kuu. Baada ya mjadala, wabunge huipigia kura ya wazi kwa kuitwa majina, kisha Bunge hupitisha Sheria ya Fedha na Sheria ya Kuidhinisha Matumizi. Ibara ya 137 ya Katiba ya Jamhuri ya Muungano wa Tanzania ndiyo inayoweka utaratibu wa kuwasilisha makadirio hayo bungeni. Uzito wa hatua hii unaonekana pia katika Ibara ya 90, ambapo kukataliwa kwa bajeti ni miongoni mwa sababu zinazoweza kumfanya Rais alivunje Bunge.

Siku ya Mtoto wa Afrika, inayoadhimishwa tarehe 16 Juni kwa kumbukumbu ya wanafunzi waliouawa Soweto, Afrika Kusini, mwaka 1976, huangukia katika majuma hayohayo ya mjadala wa bajeti. Kwa sababu hiyo, maadhimisho yake katika mikoa yamekuwa jukwaa la kuzungumzia uwekezaji kwa watoto wakati uamuzi wa fedha bado uko mezani.

Fedha za mtoto zimo katika mafungu mengi

Mwananchi anayetafuta fungu moja linaloitwa "bajeti ya mtoto" hatalipata. Fedha hizo zimegawanyika katika mafungu kadhaa, na ni muhimu kuyafahamu ili kuepuka tafsiri potofu.

Wizara ya Afya, Fungu 52, hushughulikia sera, miongozo, hospitali za taifa, kanda na rufaa za mikoa, ununuzi wa chanjo na programu za kitaifa. Wizara ya Maendeleo ya Jamii, Jinsia, Wanawake na Makundi Maalum, Fungu 53, husimamia malezi, ulinzi wa mtoto, makao ya watoto na maendeleo ya familia. Wizara hizi mbili zilikuwa moja hadi Januari 2022, zilipotenganishwa ili masuala ya jamii na familia yapate usimamizi wake.

Ofisi ya Rais, Tawala za Mikoa na Serikali za Mitaa, Fungu 56, pamoja na mafungu ya mikoa 26 ya Tanzania Bara, ndiyo yenye zahanati, vituo vya afya na hospitali za halmashauri. Mishahara ya wauguzi na waganga wa ngazi hiyo hupitia huko na si Wizara ya Afya. Kuna pia mapato ya ndani ya halmashauri 184 za Tanzania Bara, ambayo hugharamia sehemu ya lishe, ustawi wa jamii na ukamilishaji wa majengo.

Mgawanyo huo unaeleza utata unaojitokeza kila mwaka. Katika mwaka wa fedha 2024/25 bajeti yote ya Serikali ilikuwa shilingi trilioni 49.35, na Wizara ya Afya iliidhinishiwa zaidi ya shilingi trilioni 1.3. Anayegawanya namba hizo mbili hupata chini ya asilimia 3 na kuhitimisha kuwa hicho ndicho kiwango chote cha afya. Hesabu hiyo haijajumuisha mishahara na gharama za vituo vilivyo chini ya halmashauri, wala mafungu mengine yanayogusa afya. Hata hivyo, baada ya kujumlisha mafungu yote, lengo la Azimio la Abuja la mwaka 2001, ambapo wakuu wa nchi za Afrika walikubaliana kutenga angalau asilimia 15 ya bajeti zao kwa afya, bado halijafikiwa. Ndiyo maana swali la kiasi cha fedha huambatana na swali la pili: fedha chache zilizopo zielekezwe wapi kwanza.

Vipaumbele katika afya ya mama na mtoto

Kipaumbele cha kwanza ni huduma za uzazi na mtoto mchanga. Tangu kuanza kwa Mpango wa Maendeleo wa Afya ya Msingi mwaka 2007, lengo limekuwa kila kijiji kiwe na zahanati, kila kata iwe na kituo cha afya na kila wilaya iwe na hospitali. Ujenzi wa vituo vya afya vyenye vyumba vya upasuaji wa dharura umesogeza huduma ya kujifungua kwa upasuaji karibu na kaya za vijijini. Mwaka 2022 Serikali ilizindua kitaifa mfumo wa M-mama wa usafiri wa dharura kwa wajawazito, waliojifungua na watoto wachanga, ambao hupatikana kwa kupiga namba 115 bila malipo. Mfumo huo hutumia magari ya wagonjwa na, pale yasipokuwepo, madereva wa jamii waliosajiliwa na kulipwa kwa safari. Uendelevu wake unategemea kila halmashauri kutenga fedha za malipo hayo.

Kipaumbele cha pili ni chanjo. Mtoto hupatiwa chanjo ya kifua kikuu na polio anapozaliwa, kisha hufuatia chanjo za pepopunda, kifaduro, dondakoo, homa ya ini, homa ya mapafu, kuhara na surua-rubela. Mwaka 2018 iliongezwa chanjo ya kuzuia saratani ya mlango wa kizazi kwa wasichana wa miaka 14, na mwaka 2024 utaratibu ukabadilishwa kuwa dozi moja kwa wasichana wa miaka 9 hadi 14. Chanjo hugharamiwa kwa pamoja na Serikali na wadau, hususan shirika la Gavi, kwa sharti kwamba mchango wa nchi huongezeka kadiri pato lake linavyokua. Fungu la chanjo kwa hiyo halivumilii ucheleweshaji: malipo yakichelewa, akiba hupungua na watoto waliozaliwa katika miezi hiyo hukosa kinga kwa wakati.

Kipaumbele cha tatu ni lishe. Mwaka 2017 ulianza utaratibu wa mikataba ya lishe na wakuu wa mikoa, na Septemba 2022 Rais Samia Suluhu Hassan alisaini na wakuu wa mikoa mkataba mpya wa usimamizi wa shughuli za lishe. Miongoni mwa masharti ni kila halmashauri kutenga na kutoa angalau shilingi 1,000 kutoka mapato yake ya ndani kwa kila mtoto aliye chini ya miaka mitano kwa mwaka. Hesabu yake ni rahisi: halmashauri yenye watoto 50,000 wa umri huo inapaswa kutoa shilingi milioni 50. Urahisi huo ndio uliolifanya sharti hili kuwa mojawapo ya vipimo ambavyo diwani na mwananchi wa kawaida wanaweza kuvifuatilia bila kuhitaji mtaalamu wa fedha.

Kipaumbele cha nne ni huduma ngazi ya jamii. Januari 2024 ulizinduliwa mpango jumuishi wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii, unaolenga kuwafikia wahudumu 137,294 nchi nzima katika kipindi cha miaka mitano. Wahudumu hao hutembelea kaya, huwatambua wajawazito mapema, hupima hali ya lishe ya watoto na kutoa rufaa. Tofauti na miaka ya nyuma, ambapo wengi wao walijitolea, mpango huu unahusisha mafunzo rasmi na posho, na hivyo kuwa gharama ya kudumu inayopaswa kuonekana katika bajeti ya kila mwaka.

Msamaha wa matibabu na bima ya afya

Sera ya Afya ya mwaka 2007 inaelekeza kuwa wajawazito na watoto walio chini ya miaka mitano wapatiwe huduma bila malipo katika vituo vya umma. Msamaha huo haumaanishi kwamba huduma haina gharama, bali kwamba gharama yake inapaswa kulipwa kutoka chanzo kingine. Pale ambapo kituo hakipati fedha za kufidia dawa zilizotolewa bure, dawa huisha na familia huelekezwa kununua katika duka la nje. Ili kupunguza tatizo hilo, tangu mwaka wa fedha 2017/18 fedha za Mfuko wa Afya wa Pamoja hupelekwa moja kwa moja katika akaunti ya kila kituo, na kamati ya usimamizi wa kituo, yenye wajumbe kutoka kwa wananchi, hushiriki kuidhinisha matumizi yake.

Kwa watoto waliovuka miaka mitano, kinga ya familia imekuwa bima. Mfuko wa Afya ya Jamii ulioboreshwa ulianza kutekelezwa mwaka 2018, na uliweka mchango wa shilingi 30,000 kwa kaya ya watu sita katika mikoa mingi. Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya nao ulianzisha Toto Afya Kadi kwa shilingi 50,400 kwa mtoto kwa mwaka. Uzoefu wa kadi hiyo ulitoa funzo la kifedha: wazazi wengi waliwasajili watoto ambao tayari walikuwa wagonjwa, na malipo ya matibabu yakazidi michango. Mwaka 2023 usajili wa mtoto mmoja mmoja ulisitishwa na wazazi wakaelekezwa kuwasajili watoto kupitia shule au vifurushi vya familia, hatua iliyozua mjadala mkubwa kwa kuwa iliwagusa wazazi wenye watoto walio na magonjwa ya kudumu, kama vile selimundu.

Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote, iliyopitishwa na Bunge mwezi Novemba 2023, inalenga kujibu tatizo hilo kwa kupanua wigo wa wachangiaji. Chini ya sheria hiyo, mchangiaji hujumuisha mwenza wake na wategemezi wasiozidi wanne, na umeanzishwa mfuko wa kugharamia watu wasio na uwezo unaotegemea mapato yatokanayo na kodi na tozo mahsusi. Kundi linalohitaji uangalizi wa karibu ni kaya zenye kipato kidogo kisicho cha uhakika, ambazo si maskini kiasi cha kulipiwa na Serikali wala hazina mwajiri wa kuchangia.

Huduma za kusaidia familia

Mtoto hawezi kuwa na afya katika kaya isiyo na chakula. Kwa msingi huo, Mfuko wa Maendeleo ya Jamii (TASAF), ulioanzishwa mwaka 2000, ulizindua mwaka 2012 Mpango wa Kunusuru Kaya Maskini, na kipindi chake cha pili kikazinduliwa Februari 2020. Kaya zilizotambuliwa katika mikutano ya vijiji na mitaa hupokea ruzuku kila baada ya miezi miwili, na sehemu ya ruzuku hiyo huambatana na masharti ya kuwapeleka watoto wadogo kliniki na kuhakikisha wenye umri wa shule wanahudhuria masomo. Mpango pia umehusisha ajira za muda katika miradi ya jamii na uundaji wa vikundi vya kuweka akiba na kukopeshana. Utekelezaji wake umetegemea kwa sehemu kubwa mikopo na misaada ya washirika wa maendeleo, hususan Benki ya Dunia, jambo linalofanya mchango wa fedha za ndani kuwa hoja ya msingi katika kila mjadala wa uendelevu wake.

Msaada mwingine ni mikopo isiyo na riba inayotokana na asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, ambapo asilimia 4 ni kwa vikundi vya wanawake, asilimia 4 kwa vijana na asilimia 2 kwa watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo ilisitishwa Aprili 2023 baada ya kubainika kasoro katika utoaji na urejeshaji wake, na ilirejeshwa katika mwaka wa fedha 2024/25 kwa utaratibu mpya.

Elimu bila ada, iliyoanza kutekelezwa Januari 2016 kuanzia shule ya awali hadi kidato cha nne na kupanuliwa hadi kidato cha sita mwaka 2022, imepunguza mzigo wa moja kwa moja kwa wazazi. Kwa watoto ambao hawajaanza shule, Desemba 2021 ilizinduliwa Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto, inayounganisha afya, lishe, ulinzi, ujifunzaji wa awali na malezi yenye mwitikio kwa watoto wenye umri wa kuanzia siku ya kuzaliwa hadi miaka minane. Vituo vya kulelea watoto wadogo mchana ni sehemu ya utekelezaji wake, hasa katika maeneo ambayo akina mama hufanya kazi masokoni na mashambani.

Katika ulinzi wa mtoto, Serikali huendesha Makao ya Taifa ya Watoto Kurasini, Dar es Salaam, na Kikombo, Dodoma, pamoja na Shule ya Maadilisho Irambo, Mbeya. Madawati ya Jinsia na Watoto yapo katika vituo vya Polisi, na Huduma ya Simu kwa Mtoto hupatikana kwa namba 116 bila malipo. Kiungo kikuu cha huduma hizi ni afisa ustawi wa jamii wa halmashauri, anayeshughulikia migogoro ya matunzo, watoto walio katika mazingira hatarishi na mashauri ya watoto mahakamani. Uhaba wa maafisa hawa ni miongoni mwa hoja zinazojirudia, kwa kuwa kuwaajiri kunahitaji kibali na fungu la mishahara, ambalo haliwezi kufidiwa na mradi wa muda mfupi.

Usajili wa vizazi nao ni huduma ya familia. Mpango wa kusajili na kutoa vyeti vya kuzaliwa bila malipo kwa watoto walio chini ya miaka mitano ulianza Mbeya mwaka 2013 na kupanuliwa hatua kwa hatua katika mikoa mingine, ambapo usajili hufanyika katika vituo vya afya na ofisi za kata. Kwa upande wa ajira, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini inampa mama likizo ya uzazi yenye malipo ya siku 84, au siku 100 anapojifungua mtoto zaidi ya mmoja, na baba angalau siku 3. Mwaka 2025 sheria za kazi zilirekebishwa ili kuwaongezea muda wazazi wa watoto wanaozaliwa kabla ya wakati.

Kati ya kiasi kilichoidhinishwa na huduma iliyofika

Bajeti iliyoidhinishwa ni kibali cha kutumia, si fedha taslimu. Fedha hutolewa kadiri mapato yanavyokusanywa, na mishahara na deni la Serikali hulipwa kwanza. Ndiyo maana taarifa ya utekelezaji inayotenganisha kiasi kilichoidhinishwa, kilichotolewa na kilichotumika ina thamani kubwa kuliko tarakimu ya hotuba peke yake.

Tofauti nyingine muhimu ni kati ya matumizi ya kawaida na matumizi ya maendeleo. Jengo la wodi ya watoto hujengwa kwa fedha za maendeleo. Muuguzi, umeme na oksijeni hulipiwa kwa fedha za matumizi ya kawaida. Pale mafungu hayo mawili yasipokwenda pamoja, jengo hukamilika na kubaki bila watumishi.

Misaada ya nje nayo imepungua. Uamuzi wa Serikali ya Marekani wa Januari 2025 kusitisha sehemu kubwa ya misaada yake uligusa huduma za VVU, ikiwemo kinga ya maambukizi kutoka kwa mama kwenda kwa mtoto. Katika bajeti ya mwaka 2025/26, iliyofikia shilingi trilioni 56.49, Serikali ilipendekeza tozo mahsusi kwa baadhi ya bidhaa na huduma ili kugharamia mwitikio wa UKIMWI na bima ya afya kwa wote kwa fedha za ndani.

Nafuu ya kodi nayo haimfikii mlengwa wakati wote. Mwaka 2018/19 Kodi ya Ongezeko la Thamani iliondolewa kwenye taulo za kike ili kuwasaidia wasichana walio shuleni. Mwaka uliofuata Serikali iliirejesha kwa maelezo kuwa bei kwa mlaji haikushuka. Tangu hapo, hoja ya namna bora ya kumfikia msichana, kupitia kodi au kwa kununua na kugawa shuleni, imeendelea kujadiliwa.

Utaratibu wa Zanzibar

Afya na ustawi wa jamii si mambo ya Muungano. Serikali ya Mapinduzi Zanzibar hupanga bajeti yake, ambayo huidhinishwa na Baraza la Wawakilishi, na haki za mtoto husimamiwa na Sheria ya Mtoto Na. 6 ya mwaka 2011. Mwananchi wa Unguja au Pemba anayefuatilia fedha za hospitali au za hifadhi ya mtoto anapaswa kurejea nyaraka za Zanzibar, si mafungu yaliyotajwa hapo juu.

Mwananchi anavyoweza kufuatilia

Nyaraka za msingi ni Hotuba ya Bajeti, vitabu vya makadirio, hotuba za mawaziri wa kisekta na Toleo la Wananchi la Bajeti linalotolewa na Wizara ya Fedha kwa lugha nyepesi. Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, kwa mamlaka ya Ibara ya 143 ya Katiba, hukabidhi taarifa yake kwa Rais mwishoni mwa Machi, kisha huwasilishwa bungeni na kuchambuliwa na Kamati ya Hesabu za Serikali na Kamati ya Hesabu za Serikali za Mitaa.

Katika ngazi ya chini, mkutano mkuu wa kijiji, unaopaswa kufanyika kila baada ya miezi mitatu, ni mahali halali pa kusomewa mapato na matumizi. Katika mkutano huo, au mbele ya kamati ya usimamizi wa kituo cha afya na diwani wa kata, maswali manne yanatosha kuanzia: kituo kilipokea kiasi gani katika robo mwaka iliyopita, dawa zipi za watoto zilikosekana na kwa siku ngapi, halmashauri imetoa kiasi gani kati ya shilingi 1,000 za lishe kwa kila mtoto, na kata ina afisa ustawi wa jamii anayepatikana siku zipi.

Majibu ya maswali hayo yakihifadhiwa katika mihtasari ya vikao, huwa ndiyo msingi wa mapendekezo ya mwaka unaofuata. Vikao vya kuibua mahitaji hufanyika miezi mingi kabla ya Hotuba ya Bajeti kusomwa, na mahitaji ya watoto wa kijiji au mtaa huingia katika mpango wa halmashauri kupitia wananchi waliohudhuria.